Mkono wa Selina na Mbegu za Mvule

Kila asubuhi Selina alichota ndoo mbili za maji ziwani akamwagilia kitalu cha miche. Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, Teodora, pale Kigongo, karibu na kivuko. Upande wa pili wa nyumba mume wake, Nkwabi, alikuwa ameshaanza kupiga misumari. Nkwabi alikuwa fundi wa mitumbwi. Miaka hiyo ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa Mwanza, na kila mtu mwenye nguvu alitaka mtumbwi. Nyundo ya Nkwabi haikupumzika.

Mtumbwi mzuri hutengenezwa kwa mbao za mvule, maana mvule hauozi upesi majini. Nyumba hii ilijulikana kwa mambo yote mawili. Kijana alijenga mitumbwi, na mama yake aliotesha mivule. Mvule mmoja mkubwa ulisimama kando ya uwanja wao. Kila mwaka ulizaa matunda laini ya kijani. Popo walikula yao usiku, na Teodora aliokota yaliyobaki. Aliyaponda, akatoa mbegu, akazisia kitaluni. Watu walikuja kuchukua miche, wengine hata kutoka Buhongwa.

"Siku nikifa," Teodora alipenda kusema, "wajukuu zangu watavua samaki kwa mitumbwi ya miti yangu."

Selina alipoolewa, Teodora alimwachia kitalu. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, na Selina alikuwa mchapakazi. Miaka ya kwanza miche iliota mingi hadi ikakosa nafasi. Halafu mambo yakabadilika. Msimu mmoja Selina alisia mbegu, yakaota magugu tu. Msimu uliofuata ikawa vilevile.

Sasa, wakati huo Selina alikuwa na miaka sita katika ndoa, na hakuwa na mtoto. Msomaji ameshajua maneno yalielekea wapi.

"Mkono wake mkavu," wanawake walinong'ona mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, wakisubiri samaki. "Mwanamke ambaye hajazaa hasii mbegu. Zinakataa."

Maneno hayo hayakuwa na ukweli hata kidogo, lakini yalitembea upesi. Yalifika kwa Teodora, naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Alitaka miche, alitaka na wajukuu, na vyote viwili havikuja. Asubuhi moja alichukua kopo la mbegu kutoka mikononi mwa Selina.

"Mwanangu, usinielewe vibaya," alisema. "Msimu huu Kija atasia."

Kija alikuwa dada yake Nkwabi, jirani yao, mama wa watoto wanne. Alisia mbegu zote zilizobaki kwenye kopo, isipokuwa konzi moja. Akamwagilia. Wakasubiri. Hakuna kilichoota.

Hapo ungetegemea watu wafikiri tena. Wapi. Walisema Selina alipita karibu na tuta.

Jioni hiyo Teodora alimwita mwanawe uani. Selina alikuwa jikoni na alisikia kila neno.

"Nkwabi, tujaribu msimu mmoja tu," Teodora alisema. "Matunda yakiiva tena na mbegu zikakataa, Selina akapumzike kwanza kwao Buhongwa. Wazee watakaa tuzungumze."

Nkwabi alimpenda mke wake, lakini alikuwa hajawahi kumpinga mama yake hata juu ya chumvi ya mboga.

Selina alijua maana ya kupumzika kwao. Mwanamke anayeambiwa hivyo hufungasha vitu vyake vyote. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa kanga. Kisha akajiuliza swali. Mchicha ule nyuma ya jiko nani aliusia? Ni yeye. Mbona umejaa? Na mahindi je? Kama mkono ni mkavu, ungechagua mvule peke yake?

Kesho yake alichukua ile konzi ya mbegu, akaifunga katika pindo la kanga, akaenda kwa Mzee Zadok Otuoma.

Zadok alikuwa Mjaluo wa Mara aliyehamia Kigongo zamani. Alifanya kazi idara ya misitu hadi serikali ilipopunguza wafanyakazi. Sasa alitengeneza baiskeli karibu na kivuko, ila watu bado walimwita Bwana Miti. Alipenda utani, na alipenda kuuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nimeleta mbegu za mvule. Haziotagi, na sijui kwa nini."

Zadok alikuwa na karai la maji la kutafutia pancha. Alimwaga mbegu humo, akazikoroga kwa kidole, akasubiri.

"Unaona nini?"

"Zinaelea."

"Ngapi zimezama?"

Selina aliinama akatazama vizuri. "Hakuna hata moja."

"Mbegu nzima ina kiini ndani, kwa hiyo ina uzito. Ukiikoroga ndani ya maji, inazama." Zadok alichukua wembe, akapasua mbegu moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Zilikuwa ndogo kuliko punje za ulezi, lakini kila moja ilikuwa na uwazi ndani. "Haya ni maganda matupu. Nikiyasia mimi, hayaoti. Akiyasia askofu, hayaoti."

"Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Mkono wako umefanya nini?"

Selina alimweleza yote. Alimweleza habari ya kopo, ya Kija, na ya kwenda kupumzika Buhongwa. Zadok aliacha utani wake. Aliweka wembe chini.

"Pole sana, binti. Sasa nijibu swali moja. Huo mvule wenu una mume?"

Selina alidhani utani umerudi. "Mti una mume, mzee?"

"Mivule iko ya aina mbili, dume na jike. Jike ndio unaozaa matunda. Dume hauzai kitu. Unatoa maua marefu membamba yanayoning'inia, yenye vumbi la rangi ya njano. Vumbi hilo linaitwa chavua. Upepo unalichukua hadi kwenye maua ya jike, na hapo ndipo mbegu inapata kiini. Je, hapakuwa na mvule mwingine pale kwenu?"

Selina alishika mdomo, kisha akamweleza Zadok. Palikuwa na mwingine nyuma ya zizi. Ulikuwa mnyoofu na mrefu, na haukuwahi kuzaa. Nkwabi aliukata muda mfupi kabla ya mbegu kuanza kukataa, akajenga mtumbwi. Na aliyesema ukatwe alikuwa Teodora.

"Mingine hapa ufukweni ilishakatwa," Zadok alisema. "Wenu ulikuwa dume la mwisho upande huu. Mimi naweza kukutafutia mbegu nzuri kutoka ng'ambo. Zitaota bila shida."

Selina alifikiri. "Zikiota, watasema mbegu za watu zina bahati. Nataka mti wa nyumbani wenyewe ujibu."

"Umetoa maua?"

"Yameanza kutoka wiki hii."

"Basi bado hatujachelewa," Zadok alisema, akafunga sanduku lake la spana.

Walipofika nyumbani, Teodora alikuwa uwanjani anachambua maharage. Kija alikuwa amekaa naye.

"Karibu, Baba Ayoo," Teodora alisema. Ayoo alikuwa binti mkubwa wa Zadok. "Leo baiskeli zimekuruhusu?"

"Zimeniruhusu, Mama Nkwabi. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Kaa."

Zadok alikaa. Aliuliza habari ya magoti, ya mvua, ya ng'ombe. Kisha akatazama shambani.

"Mipapai yenu mizuri. Sioni mpapai dume hata mmoja."

"Wa nini?" Teodora alicheka. "Ukitoa maua ya kuning'inia tu, tunaukata. Hauzai, unamaliza mbolea."

"Na mvule ule wa nyuma ya zizi?"

"Ule nao ulikuwa hivyohivyo. Toka nimeolewa hapa sikuona tunda. Nikamwambia Nkwabi aukate, angalau utoke mtumbwi."

Zadok alieleza habari ya dume na jike, polepole, kama alivyomweleza Selina. Teodora alisikiliza, lakini alitikisa kichwa.

"Hapana, Baba Ayoo. Mbona huu uliobaki bado unazaa matunda? Hata mwaka jana ulizaa."

"Kuku wako akikosa jogoo, anataga?"

"Anataga."

"Ukimlalisha juu ya mayai hayo, yanaanguliwa?"

Hapakuwa na mwanamke Kigongo asiyejua jibu la swali hilo.

"Yanaoza," Teodora alisema.

"Tunda la mvule wako ni yai la namna hiyo. Ukiukata mpapai dume, huoni hasara, kwa sababu jirani anao wake. Mvule dume jirani hana. Imekwisha yote kwa mitumbwi."

Nyundo ya Nkwabi ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amesimama pembeni ya nyumba akisikiliza. Kija alitazama maharage. Teodora alimtazama Selina, halafu akatazama nyuma ya zizi, palipokuwa na kisiki tu. Moyo wake uliuma, lakini mtu mzima hakubali kosa siku moja.

"Hayo ni maneno," alisema. "Mimi nataka kuona."

"Utaona," Zadok alisema.

Asubuhi iliyofuata Zadok, Nkwabi na Selina walivuka kwa kivuko hadi Busisi kutafuta chavua, wakatembea hadi kwenye mashamba ambako mivule ilikuwa bado imesimama. Selina ndiye aliyeona maua ya dume kwanza. Yalining'inia kama mikia ya panya. Mti huo ulikuwa mfupi, umepinda, na matawi yake yalianzia chini.

"Huu unapandika," Nkwabi alisema, akavua viatu.

"Vaa viatu," Zadok alisema. "Wewe ni Msukuma. Ukitafuta dume la kupanda ng'ombe wako, unachukua lile lililo karibu na mlango wa zizi?"

Nkwabi alicheka. "Nachukua lenye umbo zuri na afya. Na nauliza mama yake alikuwaje."

"Kwa nini?"

"Ndama anafuata wazazi."

"Na mti ni hivyohivyo. Kila mbegu inarithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Baba akiwa amepinda, watoto wengi watapinda. Si wote, maana udongo na matunzo vina sehemu yake. Lakini kwa nini uanze na kasoro? Wewe fundi, mbao za mti huu ungezifanya nini?"

"Kuni," Nkwabi alisema. Kisha akasita. "Mzee, sisi mafundi tunakata ile iliyonyooka kila siku. Inayobaki kutoa chavua ni hii iliyopinda."

"Umelisema mwenyewe," Zadok alijibu. "Mkiendelea hivyo, mwanao atajenga mitumbwi ya kupinda."

Neno hilo, "mwanao", lilimtoka bila kufikiri. Selina alitazama pembeni. Nkwabi naye alitazama chini, wakaendelea kutembea.

Walipata dume moja lililonyooka vizuri, lenye majani safi yasiyo na vinundu vya wadudu. Mbele zaidi wakapata la pili, na la tatu. Wenye mashamba waliwaruhusu. Zadok alitaka chavua ya miti yote mitatu.

"Baba mmoja hatoshi kwa kitalu kizima," alieleza. "Ugonjwa ukija ukampata mmoja, watoto wa mwingine watasalimika."

Nkwabi alipanda, akakata vishada vya maua. Selina alivipokea katika mfuko wa karatasi ya kaki. Zadok alikuwa amemkataza mfuko wa nailoni, kwa sababu chavua ikipata jasho inakufa. Kwenye kivuko Selina aliupakata mfuko huo njia nzima. Abiria mmoja alimuuliza kama amebeba vifaranga.

Nyumbani walitandaza maua kwenye karatasi, ndani ya nyumba, pasipo upepo. Kulipopambazuka, vumbi la njano lilikuwa limeanguka. Hewa ilikuwa imetulia. Nkwabi alipanda mvule wa nyumbani akiwa na vumbi hilo na brashi laini ya kupakia rangi mitumbwi. Aligusa maua ya jike, tawi moja baada ya jingine. Kila tawi aliloligusa alilifunga kitambaa chekundu. Matawi mengine aliyaacha.

Teodora alikuwa amekaa chini anatazama. Vitambaa vilipokwisha, aliingia ndani akachana kanga yake kuukuu akamrushia mwanawe.

Matunda yalikua. Mwanzo yote yalifanana. Yalipokaribia kuiva, Nkwabi aliyachuma kabla ya popo, akatenganisha. Ya matawi yenye kitambaa aliyaweka kwenye ndoo moja, ya matawi yasiyo na kitambaa kwenye ndoo nyingine. Waliyaacha yalainike, wakayaponda.

"Leteni beseni langu," Teodora alisema. "Nitaweka maji mwenyewe."

Alimwaga kwanza mbegu za matawi yasiyo na kitambaa, akazikoroga. Zilielea zote. Akabadilisha maji. Akamwaga za matawi yenye kitambaa, akakoroga tena. Baadhi zilibaki juu. Nyingine, nyingi, zilishuka taratibu zikatulia chini ya beseni.

Teodora aliingiza mkono, akazichota, akazihisi kwa vidole.

"Bado tuzisie," alisema. "Tuta hili zilizozama, tuta lile zilizoelea. Matuta yote mawili asie mtu mmoja."

"Nani?" Kija aliuliza.

"Selina."

Selina alichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, akazisia kwenye matuta yote mawili, kwa mkono uleule, asubuhi ileile. Akafunika kwa udongo kidogo, akatengeneza kivuli cha nyasi. Alimwagilia matuta yote sawa. Na kila siku, kabla ya kumwagilia, aliinua nyasi akachungulia. Buhongwa haikuwa mbali, lakini hakutaka kurudi hivyo.

Zaidi ya wiki mbili zilipita. Asubuhi moja aliinua nyasi za tuta la kwanza, akaona vijani viwili vidogo. Akaona vingine. Tuta lilikuwa limechomoza upande hadi upande. Alikwenda tuta la pili, akainua nyasi. Palikuwa na udongo mtupu.

Selina hakupiga kelele. Alikaa chini pale katikati ya matuta akalia, na safari hii hakuyapangusa machozi.

Teodora alitoka kwa fimbo yake. Aliona tuta hili, akaona lile. Magoti yalimuuma lakini aliinama, akakaa chini karibu na mkwe wake.

"Mkono ni huuhuu," alisema, akaushika mkono wa Selina. "Aliyeharibu ni mimi. Nilikata mti nisioujua, nikakutwika wewe. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama," Selina alisema. Alisema kweli, ingawa moyo huchukua muda wake.

Mchana huo wanawake walipokuja kutazama, Teodora alimkabidhi Selina kopo la mbegu mbele yao wote. "Hili ni lake," alisema. "Mwenye neno la kusema aniambie mimi."

Baadaye Zadok alikuja kukagua. Aliwaambia wasipande miche hiyo peke yake mahali pamoja, kwa kuwa yote ilikuwa ya mama mmoja.

"Ikikua na kuoana yenyewe kwa yenyewe, watoto watakuwa dhaifu," alisema. "Changanyeni na miche ya mama wengine kutoka Busisi."

"Hata kwetu mtu haoi dada yake," Teodora alisema, na Zadok akacheka.

Nyuma ya zizi, kisiki cha mvule dume kilikuwa kimechipua. Siku zote mbuzi walikula machipukizi hayo. Teodora alimwambia Nkwabi abakize chipukizi moja lililonyooka, kisha akalizungushia miiba kwa mikono yake. Lingechukua miaka mingi kutoa maua, lakini lingekuwepo.

Jioni ya siku hiyo walikuwa wanakula. Teodora alinawa mikono, akamgeukia mwanawe.

"Nkwabi. Selina amekwenda hospitali kupimwa mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Wakasema ana nini?"

"Wakasema hawaoni tatizo."

"Na wewe umekwenda mara ngapi?"

Nkwabi alitazama ugali. Kisha Nkwabi aliinua uso, akamtazama mke wake.

"Kesho tutakwenda wote wawili," alisema.

Majibu waliyopata ni yao, na mimi sikuuliza. Ninachojua ni hiki. Asubuhi ile Selina na mume wake walipanda basi la kwenda mjini wamekaa kiti kimoja. Na ndoo mbili za maji za kitalu zilichotwa na Teodora mwenyewe, nusunusu, polepole, pamoja na magoti yake mabovu, ili miche isikauke kabla Selina hajarudi nyumbani.